Kinachowasukuma Vijana Kushiriki Siasa Katika Jamii ya Makabila Mengi: Mfano wa Kenya

Vijana waliosajiliwa kupiga kura nchini Kenya mwaka 2022 walikuwa wachache kuliko mwaka 2017. Hata hivyo, Juni 2024 vijana wa makabila mbalimbali waliandamana pamoja kuupinga Mswada wa Fedha. Baadhi yao waliuawa, na Rais akakataa kuutia saini. Tofauti hii yaashiria kwamba kinachowasukuma ni maslahi ya pamoja wanayoyaelewa. Pendekezo la kutoza mkate kodi ya asilimia 16, japo liliondolewa, lilimgusa kila mmoja, na mswada ulifafanuliwa mitandaoni kwa lugha za jamii mbalimbali. Hivyo basi, Kifungu cha 118 cha Katiba, kinacholitaka Bunge kuwashirikisha wananchi, kitekelezwe kwa lugha hizo, mapema, kabla maamuzi hayajafikiwa.