Ridhaa Uwanjani: Kisa cha Timu ya Chuo Kikuu cha Melbourne

Msomaji wa kurasa za michezo katika magazeti ya Kiswahili, hasa yale ya jirani zetu wa Tanzania, hukutana mara kwa mara na kauli 'ngumi za ridhaa'. Maana yake si ngumi ambazo mpigwaji amekubali kupigwa, ingawa mzaha huo umefanywa mara nyingi. Ni ngumi zinazochezwa na mtu asiyelipwa. Kiingereza kina neno lake kwa dhana hiyo, nalo lilikopwa kutoka Kifaransa likiwa na mzizi wa Kilatini wenye maana ya kupenda. Kiswahili hakikufuata njia ya mapenzi. Kilichukua neno lenye asili ya Kiarabu, jamaa ya radhi na kuridhia, kikasisitiza kwamba anayecheza amekubali mwenyewe, bila kushurutishwa na bila ujira. Tofauti hii ni ndogo, lakini ni ya kufikirisha. Anayependa aweza kuchoka kupenda. Je, aliyeridhia afanye nini mambo yanapogeuka na kila mwenzake akaanza kulipwa?

Makala hii inanuia kulitazama swali hilo kupitia kisa cha klabu moja ya wanafunzi katika nchi ya Australia, iliyocheza mchezo ambao wengi wetu hatujawahi kuuona. Hapana budi basi kuanza na mchezo wenyewe.

Mchezo na asili yake

Kandanda ya Australia si soka wala si raga. Huchezwa na wachezaji 18 kwa kila upande, katika uwanja wenye umbo la duaradufu ambao kwa kawaida ni uwanja wa kriketi. Urefu wake hufika baina ya mita 135 na 185. Mpira una umbo la yai. Mchezaji anaruhusiwa kuupiga teke au kuupiga kwa ngumi huku ameushika kwa mkono wa pili, ila hana ruhusa ya kuurusha. Akikimbia nao, sharti audundishe chini au auguse ardhini kila baada ya mita 15 hivi. Anayeudaka mpira uliopigwa teke kutoka mbali ya mita 15 au zaidi, kabla haujagusa chini wala mtu mwingine, hupewa nafasi ya kuupiga bila kubughudhiwa. Kudaka huku ndiko roho ya mchezo: wachezaji huruka wakapanda migongoni mwa wapinzani wao, na watazamaji husimama. Kama tungetaka istilahi, 'mdako' lingefaa sana, isipokuwa watoto wetu wamekwisha kulichukua kwa mchezo wao wa vijiwe.

Mwishoni mwa uwanja pana nguzo nne. Mpira ukipita baina ya nguzo mbili ndefu za kati kwa teke la mshambuliaji, hilo ni bao, nalo lina alama sita. Ukipita baina ya nguzo ndefu na ile fupi ya pembeni, timu hupata alama moja tu, ambayo hapa nitaiita alama ya kando. Kwa hiyo matokeo huandikwa kwa tarakimu mbili na jumla yake. Mfano ulio bora ni fainali ya mwaka 1948 ya Ligi ya Kandanda ya Victoria, ambayo kwa kifupi huitwa VFL. Melbourne ilifunga mabao 10 na alama za kando 9. Essendon ikafunga mabao 7 na alama za kando 27. Zidisha na ujumlishe: kila upande ulipata 69. Essendon ilipata nafasi 34 za kufunga dhidi ya 19 za wapinzani wake, lakini ilishindwa kupenya katikati, na mechi ikalazimika kurudiwa wiki iliyofuata. Melbourne ikashinda. Tutairudia fainali hiyo baadaye, kwa sababu timu ya wanafunzi ina mkono wake humo.

Asili ya mchezo haina utata mwingi. Mnamo tarehe 10 Julai 1858 mcheza kriketi Tom Wills, aliyekuwa amesomea Uingereza katika shule ya Rugby, aliandika barua gazetini akipendekeza iundwe klabu ya kandanda ili wacheza kriketi wasinyong'onyee katika miezi ya baridi. (Kwa kuwa Australia iko kusini mwa ikweta, miezi hiyo ndiyo kipupwe chetu, Juni hadi Agosti.) Mnamo tarehe 17 Mei 1859 wanachama wachache wa Klabu ya Melbourne walikutana hotelini wakaandika kanuni kumi. Inafaa kukumbuka kwamba Chama cha Soka cha Uingereza kilianzishwa mwaka 1863. Kwa hivyo kanuni hizi za koloni la mbali zilitangulia za soka kuandikwa na chama hicho kwa miaka minne.

Wanafunzi waingia ligini

Chuo Kikuu cha Melbourne kilianzishwa mwaka 1853, na klabu yake ya kandanda hujihesabia umri kuanzia mwaka 1859, yaani mwaka ule ule wa kanuni. Kwa miongo mingi klabu hiyo ilicheza kwa vipindi: ikikusanya wachezaji, ikitawanyika, ikifufuka tena. Hali hii haitamshangaza yeyote anayejua timu za vyuo. Mchezaji bora wa mwaka huu mwakani huwa amehitimu.

Mwaka 1908 VFL iliongeza timu mbili: Richmond na University. Haingewezekana kupata jozi isiyolingana zaidi ya hiyo. Richmond ilitoka katika mtaa wa wafanyakazi wa viwanda. University, iliyovaa nyeusi na buluu na kuitwa kwa lakabu 'Wanafunzi', ilijaa madaktari, mawakili na wahandisi wa kesho. Misimu yao mitatu ya kwanza haikuwa mibaya. Katika mechi 54 walishinda 25, na mwaka 1910 pekee walishinda 10. Mtu aliyeitazama timu hiyo mwishoni mwa msimu huo angekuwa na haki ya kutabiri mema.

Kisha ukaja mwaka 1911. Fedha zilikuwa zimekwisha kupenya katika mchezo kwa mlango wa nyuma kwa muda mrefu, na mwaka huo VFL ikaamua kuhalalisha malipo kwa wachezaji. Klabu nyingine zikalipa. University ikakataa. Wachezaji wake waliendelea kucheza kwa ridhaa, na matokeo yalionekana papo hapo: mwaka 1911 walishinda mechi moja, mwaka 1912 wakashinda moja, miaka ya 1913 na 1914 hawakushinda hata moja. Walishika mkia wa jedwali misimu minne mfululizo. Mechi 51 za mwisho walipoteza zote, na rekodi hiyo ya kushindwa mfululizo haijafikiwa na timu yoyote katika ligi hiyo tangu hapo. Jumla ya miaka saba ni mechi 126: ushindi 27, sare 2, kushindwa 97.

Si haki kuilaumu fedha peke yake. Timu ya chuo ilikuwa na adui mwingine, mtihani. Mwanafunzi wa udaktari hakuweza kuyaacha masomo yake na zamu zake za hospitali kwa ajili ya mazoezi, na kila mwaka darasa moja zima la wachezaji lilihitimu na kwenda zake. Lakini adui huyo alikuwapo mwaka 1908 na mwaka 1910 pia, na timu ilishinda. Kilichobadilika ni kwamba wapinzani sasa waliweza kuwafunga wachezaji wao kwa mshahara, ilhali Wanafunzi hawakuwa na kamba yoyote ila ridhaa.

Katika giza hilo alichomoza Roy Park, kijana mfupi aliyesomea udaktari na kupewa lakabu ya 'Daktari Mdogo'. Mwaka 1913, timu yake isiposhinda hata mechi moja, yeye alifunga mabao 53 na kuwa miongoni mwa wafungaji wakuu wa ligi nzima. Msomi wa fasihi angemwita shujaa wa tanzia. Alitumikia jeshi kama daktari wakati wa vita, na baadaye akachaguliwa kuichezea Australia kriketi dhidi ya Uingereza, katika mechi iliyoanza Melbourne mwishoni mwa mwaka 1920. Alitolewa kwa mpira wa kwanza aliopigiwa, na hakuchaguliwa tena. Husimuliwa kwamba mkewe aliinama kuokota uzi wake wa kufumia uliomwanguka, na alipoinua kichwa akawa amekwisha kuikosa safari nzima ya mumewe katika kriketi ya kimataifa.

Baada ya msimu wa 1914 University ilijiondoa VFL. Vita vilikuwa vimeanza, na vijana wa umri wa kucheza ndio waliokuwa wa umri wa kupigana. Wachezaji kadhaa walihamia Klabu ya Melbourne. Wengine hawakuhamia popote. Rupert Balfe, mwanafunzi wa udaktari aliyeichezea University, aliuawa siku ya kwanza ya majeshi kutua Gallipoli, tarehe 25 Aprili 1915. Dick Gibbs aliuawa Fromelles, Ufaransa, mwezi Julai 1916.

Je, ridhaa ilikuwa anasa?

Hapa ndipo wapenzi wa kisa hiki hupenda kutua na kusifu: tazameni vijana waliokataa kuiuza heshima yao! Mimi nasita. Kucheza bila malipo ni fahari kwa mtu ambaye kesho atafungua zahanati yake. Kwa kijana wa Richmond au Collingwood aliyeshinda kutwa kiwandani, shilingi chache za Jumamosi zilikuwa mkate, na akiumia goti alipoteza pia ujira wa Jumatatu. Kumwambia mtu huyo kwamba malipo yanauchafua mchezo ni kumtaka alipie starehe ya wengine. Historia ya michezo ya ridhaa, huko Uingereza ilikoanzia itikadi hiyo na hata Australia, haitenganishwi na historia ya matabaka, na mhakiki asiyeliona hilo atakuwa ameisoma nusu tu ya matini.

Hata hivyo, ni kweli vilevile kwamba Wanafunzi hawakumzuia mtu mwingine kulipwa. Walikataa kwa upande wao tu, wakalipia kukataa kwao kwa kufungwa Jumamosi baada ya Jumamosi mbele ya umma. Kama walikuwa na makosa, basi lilikuwa kosa la kubaki katika ligi isiyokuwa tena ya aina yao kwa miaka mitatu ya ziada.

Maisha ya pili

Ligi ya aina yao ilikuwapo. Iliundwa mwaka 1892, ikajiita ya ridhaa waziwazi mwaka 1912, na tangu mwaka 1933 inaitwa Chama cha Kandanda ya Ridhaa cha Victoria, au VAFA. Baada ya vita wanafunzi waliingia huko kwa timu mbili, A na B, ambazo baadaye zilijulikana kama Blacks na Blues, Weusi na Buluu. Zile rangi mbili za jezi ya zamani ziligawanywa, kila timu ikachukua yake. Timu zote mbili zipo hadi leo, na mechi inayosubiriwa kuliko zote ni ile wanayokutana wenyewe kwa wenyewe. Wanawake wa chuo hicho walianzisha klabu yao mwaka 1996, nayo ilikuwamo katika VFL ya wanawake ilipoanza mwaka 2016.

Uhusiano na ligi kubwa haukukatika kabisa. Ukoo wa Cordner unatosha kuwa ushahidi. Ted Cordner, daktari, aliichezea University katika VFL. Mwanawe Don, daktari pia, aliichezea Melbourne bila kupokea malipo, na mwaka 1946 akatunukiwa nishani ya Brownlow anayopewa mchezaji bora na mwadilifu wa msimu. Don ndiye aliyekuwa nahodha katika fainali ile ya 1948. Ndugu yake Denis alikuwa ameutumia msimu huo akicheza na Weusi katika ligi ya ridhaa. Melbourne ikamwita kwa fainali, akacheza ile ya sare na ile ya marudio, akaondoka na ubingwa. (Afrika Mashariki nayo ina mkono wake katika ligi hiyo siku hizi: beki Aliir Aliir, aliyechaguliwa katika kikosi cha nyota wa Australia nzima mwaka 2021, alizaliwa katika kambi ya Kakuma, Turkana, kwa wazazi wakimbizi kutoka Sudan Kusini ya leo.)

Lililonivutia zaidi ni jambo lililotokea karibu karne moja baada ya University kujitoa. Fitzroy ilikuwa miongoni mwa klabu zilizoanzisha VFL mwaka 1897, na ilikuwa bingwa mara nane. Madeni yaliielemea, na mwaka 1996 shughuli zake za kandanda ziliunganishwa na timu ya Brisbane, mamia ya kilomita kutoka nyumbani. Mashabiki wake walibaki na rangi, nyimbo na kumbukumbu bila timu. Kulikuwa na klabu ndogo katika VAFA, iliyoanza mwaka 1955 kwa jina la University Reds, tawi jingine la wanafunzi wale wale. Klabu hiyo ilikuwa imekwisha kuhamia mtaa wa Fitzroy na kuchukua jina la mtaa. Fitzroy ikaungana nayo, na mwaka 2009 jina kongwe likarudi uwanjani katika ligi ya ridhaa, kwenye uwanja wake wa zamani wa Brunswick Street, likichezewa na watu wasiolipwa.