Pareto: Ua la Kuchumwa kwa Wakati Wake

Kipindi chetu cha leo kinawahusu zaidi wenzetu wa nyanda za juu, huko ambako asubuhi mtu hutoka nje kajifunika blanketi: ninyi wa Umalila na Uporoto, wa Mufindi, wa Makete, na jirani zetu wa Molo na Kinangop kule Kenya. Ninyi wa pwani na wa mabondeni sikilizeni tu, maana pareto haikubali kwenu hata mkiibembeleza. Itaota, itatoa majani mazuri ya kijivujivu, lakini maua yatakuwa ya kuhesabu. Sababu yake ni kwamba mmea huu hauanzi kutunga maua mpaka upate baridi ya kutosha kwa siku kadhaa mfululizo. Ndiyo maana bwana shamba atakuambia pareto ilimwe kuanzia kiasi cha mita 1,800 kutoka usawa wa bahari. Tena kadiri unavyopanda mlima, ndivyo sumu inavyozidi ndani ya ua.

Nimesema sumu, na hicho ndicho tunachokilima. Ua la pareto ni zuri kulitazama, jeupe na jicho la njano katikati, lakini hakuna anayelinunua kwa uzuri wake. Ndani yake mna sumu inayoitwa pairethrini, ambayo humwangusha mbu, inzi au mende kwa muda mfupi sana. Mmea wenyewe asili yake ni pwani ya Dalmatia, nchi ambayo leo ni Kroatia. Kenya iliupokea mwishoni mwa miaka ya 1920, na Tanganyika katika miaka ya 1930. Kwanza ulikuwa wa mashamba ya walowezi. Siku hizi ni zao la mkulima mdogo, na linamfaa, maana halitaki shamba kubwa. Kipande cha robo eka nyuma ya nyumba, pale mama anapoweza kupita na kikapu chake baada ya umande kukauka, kinatosha kabisa kuanzia.

Haya, tuanze na ardhi. Pareto hupenda udongo mwepesi usiotuamisha maji. Mahali ambapo mvua ikinyesha maji yanasimama, mizizi huoza, na utauona mmea unanyauka huku udongo umelowa. Kama huna mahali pengine, piga matuta. Lima mapema, ng'oa sangari na magugu mengine ya mizizi mirefu mpaka yaishe, maana ukishapanda itakuwa kazi ngumu kuyatoa bila kuumiza pareto.

Unaweza kupanda kwa mbegu, kwa kusia kitaluni kwanza. Lakini mbegu ni ndogo mno, na miche yake haifanani: mmoja utazaa sana, mwingine utakuwa wa majani tu. Wengi wetu tunapanda kwa kugawa mashina, na hapo pana jambo ambalo watu hulisahau. Mashina ya kugawa huchaguliwa wakati wa maua, siyo siku ya kupanda. Siku ya kupanda mashina yote yanafanana! Pita shambani wakati maua yamejaa, chomeka kijiti kando ya kila shina lenye maua mengi na lisilolala chini. Mvua zikianza, chimbua hayo yenye vijiti peke yake. Yapasue kwa mkono, kila kipande kiwe na mizizi yake, punguza majani, ukate ncha za mizizi iliyo mirefu kupita kiasi, kisha upande siku hiyo hiyo. Mizizi ikae wima shimoni isijikunje, na moyo wa mche usifukiwe. Kutoka mstari hadi mstari acha sentimeta 60, na kutoka mche hadi mche sentimeta 30. Kwa nafasi hiyo robo eka huchukua miche 5,600 hivi.

Juu ya mbolea, pareto hufaidika na mbolea ya fosfeti inayowekwa shimoni wakati wa kupanda. Mbolea za kukuza majani usizimwage ovyo. Utapata kichaka kikubwa cha kupendeza, na mnunuzi hanunui majani. Palizi nayo iwe ya juujuu, mara kwa mara, hasa miezi ya mwanzo, kwa sababu mizizi iko karibu na uso wa udongo.

Baada ya miezi mitatu hadi minne tangu kupanda vipande hivyo, maua ya kwanza yatatoka. Sasa nawaomba msikilize vizuri, maana hapa ndipo wengi wanapopoteza fedha zao.

Sumu ya pareto haimo katika petali nyeupe. Karibu yote imo katika kile kichwa cha njano, ndani ya vijimbegu vichanga vilivyojipanga humo. Ua likiwa bado limefumba, sumu haijajaa. Likizeeka, jicho likawa kahawia na petali zikaanguka, sumu imekwisha kupungua. Hebu chukua ua moja ulitazame kwa karibu. Utaona jicho la njano limejengwa na vijiua vidogo vingi, vilivyopangwa mistari ya duara. Mistari ya nje hufunguka kwanza, ya ndani baadaye. Wakati wa kuchuma ni pale petali nyeupe zimelala sawasawa kama sahani na mistari mitatu hivi ya nje ya vijiua imefunguka. Wafundishe na watoto kuutambua huo mstari wa tatu. Wakishauzoea, macho yao ni makali kuliko yetu.

Maua hayafunguki yote siku moja, kwa hiyo itakubidi urudi shambani kila baada ya wiki mbili au tatu msimu mzima. Hili linachosha, sikatai. Kuna mtu atangoja mwezi ili achume mara moja kwa wingi. Kikapu chake kitakuwa kizito, lakini nusu ya maua ni mazee. Tufanye hesabu ndogo. Kilo 100 za maua makavu yenye sumu asilimia 1.8 zina kilo 1 na gramu 800 za pairethrini. Kilo 100 zenye asilimia 1.0 zina kilo moja tu. Mzigo ni ule ule, jasho ni lile lile. Na pale ambapo maua hupimwa sumu kabla ya kulipwa, bei haiwezi kuwa moja.

Chuma ua peke yake bila kikonyo. Chuma maua makavu, yasiyo na umande wala mvua. Na chombo cha kuchumia kiwe kikapu au tenga linalopitisha hewa. Mama mmoja wa Umalila alichuma siku nzima yeye na binti zake, akashindilia maua katika mifuko ya plastiki kwa sababu wingu lilikuwa limetanda, akaiweka ndani mpaka kesho yake. Alipofungua, mvuke ulimpiga usoni. Maua yalikuwa ya moto kama uji, yamegeuka rangi, yananuka. Kazi ya watu wanne ikaenda jalalani, na ada ya shule ikabidi itafutwe kwingine.

Kwa hiyo anika siku hiyo hiyo. Tandaza juu ya mkeka au, bora zaidi, juu ya kichanja cha wavu au matete kilichoinuliwa, ili hewa ipite chini. Tabaka liwe jembamba. Geuza mara kwa mara, na jioni ingiza ndani kabla ya umande. Kukiwa na jua zuri, siku chache zinatosha. Katika ukungu wa kwetu huenda ikafika wiki. Kujua kama yamekauka, chukua ua ulisugue kati ya kidole gumba na cha shahada: likisagika na kumwagika kama pumba, tayari. Likijikunja kama ngozi, bado. Usishangae kuona lundo limenywea. Kilo nne hadi tano za maua mabichi hutoa kilo moja makavu.

Yakishakauka, yaondoe juani. Jua lile lile lililokukaushia litaanza kula sumu. Weka katika magunia safi, chumba kikavu chenye giza, juu ya mbao na si juu ya sakafu, halafu uuze mapema. Pareto si mahindi ya kungojea bei ipande; kila mwezi inaokaa ghalani nguvu inapungua. Tena muulize mnunuzi tangu mwanzo atalipa lini. Jirani zetu wa Kenya waliongoza dunia kwa zao hili miaka mingi, lakini mwanzoni mwa miaka ya 2000 malipo yalipochelewa mno wakulima waliing'oa pareto wakapanda viazi, na kuirudisha imekuwa kazi ya miaka.

Wapo mnaouliza kama unga wa maua haya unaweza kutumika nyumbani. Ndiyo, unga wake huua viroboto. Lakini usiumwage karibu na mizinga ya nyuki wala kwenye bwawa la samaki, maana nao huwadhuru. Na wewe unayechuma ukiona mikono inawasha na kutoka vipele, wapo ambao ngozi zao hazipatani na pareto: vaa mikono mirefu, nawa kwa sabuni ukimaliza, na vipele vikizidi nenda zahanati.

Msimu ukiisha, kata mabua makavu, palilia, uache shina lipumzike. Baada ya miaka mitatu au minne maua yatapungua na kuwa madogo. Hapo ng'oa yote, panda viazi, mahindi au ngano, na pareto uihamishie kipande kingine, kwa yale mashina uliyoyachomekea vijiti.