Daktari mmoja asema kata, mwingine asema ngoja: Familia imsikize nani?

Kama unaishi mjini na umevuka miaka 20, bila shaka ushawahi kuongezwa kwenye kundi la WhatsApp la kuchangia matibabu bila kuulizwa. Unaamka, simu imejaa jumbe, kuna nambari ya paybill, picha ya mtu wa ukoo na maneno "tusaidiane jamani". Unatuma mia tano, unazima mlio, unaendelea na shughuli zako.

Shida ni pale mgonjwa anapokuwa wa kwenu, na wewe ndiwe kijana wa mjini mwenye simu nzuri na muda. Hapo huzimi mlio. Unageuka katibu wa familia, mbeba faili na mkalimani wa Kiingereza cha madaktari, yote bila malipo.

Pesa ni noma, hilo kila mtu anajua. Lakini pesa haimalizi mambo. Unakumbuka Julai 2019? Ndani ya mwezi mmoja saratani ilimchukua Bob Collymore wa Safaricom, mbunge wa Kibra Ken Okoth na gavana wa Bomet Joyce Laboso. Wote watatu walikuwa wametibiwa hadi ng'ambo. Kuna jambo jingine ambalo hakuna mtu hukutayarishia, nalo ni madaktari kutofautiana.

Shangazi yangu, dadake baba, aligunduliwa kuwa na saratani ya matiti mwaka jana. Daktari wa kwanza, mpasuaji, alisema titi litolewe wiki ileile. Wa pili, mtaalamu wa saratani, akasema hapana, aanze dawa kwanza, kisu kije baadaye. Wote wamesoma, wote wana vyeti ukutani. Sasa wewe uliyeketi pale na faili mapajani utafanya nini?

Sisi tulifanya kile familia nyingi hufanya: tuligawanyika. Baba alikuwa upande wa kisu, "kitu kibaya unakitoa mara moja". Binamu yangu aliye Doha alikuwa upande wa dawa, na kwa vile yeye ndiye anatuma pesa nyingi, sauti yake ilikuwa kubwa. Mjomba mmoja akashikilia kwamba saratani ikiguswa na kisu inasambaa. Hilo si kweli, ila ukijaribu kumwambia mzee wa miaka 70 mbele ya watu utajua hujui. Na kulikuwa na kina mama wawili waliosema asikatwe wala asidungwe, aombewe tu.

Usiwacheke hao wa mwisho. Mwaka 2011 nilikuwa shule ya msingi, na nakumbuka watu wazima wenye kazi zao wakivuka mpaka kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Babu, mchungaji Ambilikile Mwasapile. Kikombe kilikuwa Sh500 za Tanzania na foleni ya magari ilikuwa ya kilomita nyingi. Hawakuwa wajinga. Ni watu waliokuwa wamechoka kuambiwa mambo wasiyoyaelewa na watu walio na haraka, kisha wakapata mtu mmoja anayesema jambo moja kwa uhakika. Daktari wa kwanza wa shangazi alitupa dakika saba. Nilihesabu.

Mimi si daktari. Chuo chenyewe niliacha mwaka wa pili, na nilikuwa nasomea ununuzi na ugavi. Lakini maswali hayahitaji digrii, na swali lililotusaidia ni hili: "Daktari, umeona nini kwenye faili kinachokufanya useme hivyo?"

Hapo ndipo nilijua kwamba saratani ya matiti si ugonjwa mmoja. Baada ya kutolewa kipande cha nyama na kuthibitishwa ni saratani, kuna kipimo kingine hufanyiwa kipande hichohicho. Kinaangalia mambo matatu: kama seli zinatumia homoni ya estrojeni, kama zinatumia projesteroni, na kama zina protini iitwayo HER2 kwa wingi. Majibu yake ndiyo huelekeza njia. Uvimbe mdogo unaolishwa na homoni mara nyingi hukatwa kwanza, kisha mgonjwa humeza tembe kwa miaka mitano au zaidi. Uvimbe mkubwa kiasi usio na chochote kati ya hivyo vitatu, au wenye HER2 nyingi, mara nyingi huanzishiwa dawa, ili upungue na madaktari waone kama dawa inashika kabla ya kukata.

Sasa sikiza. Mpasuaji alikuwa ametoa uamuzi wake kipimo hicho kikiwa hakijafanywa. Yule wa pili alikuwa amekisia, kwa sababu uvimbe ulikua haraka na tayari ulikuwa umefika kwapani. Familia yetu ilikuwa imekosana wiki mbili nzima juu ya karatasi ambayo haikuwepo!

Kwa hivyo, kabla hamjapigana nyumbani, itisheni majibu yote. Kile kipande cha nyama huhifadhiwa kwenye nta katika maabara, na unaweza kuomba kipelekwe kwa mtaalamu mwingine akisome upya. Uliza pia kama hospitali ina kikao ambapo mpasuaji, daktari wa saratani, wa mionzi na wa maabara hujadili mgonjwa mmoja pamoja. Hospitali kubwa huwa nacho. Na usiogope kumkasirisha daktari. Mkataba wa haki za wagonjwa uliotolewa na Wizara ya Afya mwaka 2013 unampa mgonjwa haki ya kutafuta maoni ya daktari wa pili. Daktari akinuna, hiyo ni shida yake.

Jambo jingine ni SHA. Mpango huo ulipoanza Oktoba 2024, kiwango cha saratani kilikuwa Sh550,000 kwa kaya nzima kwa mwaka: Sh400,000 kutoka hazina moja na Sh150,000 kutoka nyingine. Viwango hivi hubadilishwa, kwa hivyo uliza dawati la SHA hospitalini, na uulize mapema ni vipimo gani mtalipa mfukoni. Kukimbizana na mchango ukiwa kwa foleni ya maabara si mchezo.

Turudi kwa maombi. Mchungaji wa shangazi alikuja jioni moja, na nilikaa nikijiandaa kwa vita. Akaomba, akampaka mafuta, kisha akauliza, "Mama, siku ya kurudi hospitali ni lini?" Jumapili iliyofuata kina mama wa kanisa walikuwa wamepanga zamu ya kumsindikiza, na wale wawili waliokataa dawa wakajiandikisha kwanza. Ile dawa ni nyekundu kama sharubati, na mkojo hubadilika rangi siku hiyo. Mara ya kwanza shangazi alishtuka, na aliyemtuliza hakuwa mimi. Ni mama wa zamu.

Lakini kilichoniingia zaidi ni kwamba katika ile mikutano yote ya familia, shangazi alikuwa jikoni akitupikia chai. Hakuna aliyemuuliza. Siku majibu yalipotoka, yote matatu hasi, baba alianza kueleza tutakavyofanya. Shangazi akaweka birika chini. "Ndugu yangu, hili titi ni langu. Nataka madaktari wote wawili waione hii karatasi, kisha mimi ndiye nitasema."

Tulimpeleka kwa mpasuaji kwanza. Akaisoma karatasi mara mbili, akampigia simu yule mwenzake palepale, wakaongea kama dakika kumi. Dawa kwanza.

Sasa amemaliza mizunguko mitano kati ya minane, wiki tatu baina ya mmoja na mwingine. Nywele zimeisha, kucha zimekuwa nyeusi, na ugali haumpiti kooni siku nne za kwanza. Uvimbe umepungua. Ukifika wakati wa kisu, amesema atarudi kwa mpasuaji yuleyule wa dakika saba. Nilimuuliza mbona yeye, na Nairobi imejaa madaktari. Akasema, "Kwa sababu nilimwona akipiga simu."