Kengele za Mlimani na Mlango wa Shule



Mtu akipanda kutoka mjini Moshi siku ya Jumapili asubuhi, kabla wingu halijakifunika Kibo, husikia kengele kutoka kila upande. Akishika njia ya Kibosho au ya Uru, au akaenda mbali mpaka Kilema na Rombo, nyingi za kengele zile ni za Wakatoliki. Akishika njia ya Machame au ya Old Moshi, au akapanda Marangu, Mamba na Mwika, nyingi ni za Walutheri. Na huko mjini, tangu alfajiri, mwadhini amekwisha kuadhini. Mgeni akiuliza kwa nini kilima hiki kiwe cha Papa na kile kiwe cha Luther, ilhali baina yao pana mto mmoja tu, aghalabu hujibiwa: “Ndivyo wazee wetu walivyoamini.”

Jibu hilo lina adabu, lakini si kweli yote. Wazee wengi hawakuulizwa. Aliyeulizwa ni Mangi.

Mangi Rindi wa Moshi, ambaye watu wa pwani walimwita Mandara, aliwapokea Waingereza wa misheni ya CMS mwaka 1885. Hapana shaka alipendezwa kusikia habari za Mungu wao, lakini zaidi alitaka marafiki wenye nguvu, maana jirani yake Mangi Sina wa Kibosho alikuwa adui asiyelala. Februari 1891 Wadachi walimpiga Sina, na mwaka uo huo Mapadre wa Roho Mtakatifu walipata makazi Kilema; miaka miwili baadaye wakafika Kibosho kwenyewe. Mwaka 1892 Mangi Meli, mwana wa Rindi, aliwashinda Wadachi vitani. Wadachi wakawashuku wale wamisionari wa Kiingereza kuwa wanamwunga mkono Meli, nao wakalazimika kuihama Moshi. Mwaka 1893 Wadachi walirudi na jeshi kubwa zaidi wakamshinda Meli, na katika mwaka huo huo Walutheri wa Leipzig wakafika na kuanza kazi Machame. Meli mwenyewe alinyongwa na Wadachi mwaka 1900 pamoja na wenzake.

Basi mtu akiitazama miaka hiyo minane kwa makini, ataona kuwa ramani ya dini mlimani iliandikwa juu ya ramani ya urafiki na uadui wa Mamangi, na kalamu ilikuwa mikononi mwa wenye bunduki. Sisemi hivi ili kuidharau imani ya mtu. Imani yenyewe iliota mizizi baadaye, na iliota hasa pale Mzungu alipoondoka. Waingereza walipowafukuza wamisionari wa Kijerumani mwaka 1920, baada ya Vita Kuu ya kwanza, ni walimu wa Kichagga waliofundisha watoto, wakazika wafu na kufungua milango ya makanisa kila Jumapili. Vita ya pili ilipokuja, wakafanya vivyo hivyo tena. Kanisa ambalo mwenyewe ameondoka nalo likasimama, hilo si la mgeni tena.

Wala isidhaniwe kuwa kabla ya kengele mlima ulikuwa mtupu. Wachagga walimjua Ruwa, ambaye jina lake ndilo pia jina la jua, na walielekeza nyuso zao Kibo walipoomba. Mangi Petro Itosi Marealle wa Marangu alieleza mambo mengi ya namna hiyo katika kitabu chake cha Kiswahili, Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera, kilichotoka mwaka 1947. Na kila kijana wa mlimani angefaa akisome kabla hajawacheka babu zake. Dini ile ya zamani ilikuwa ndani ya kazi. Mfereji wa maji ulipochimbwa kutoka msituni, ulianza kwa sadaka, na asiyetokea siku ya kuuzibua alitozwa. Jani la sale, lililopandwa mpakani mwa kihamba, lilikuwa pia jani la kuomba msamaha: aliyekosa akimjia aliyekosewa na jani hilo mkononi, ilikuwa vigumu sana kumkatalia. Hapakuwa na Jumapili. Maji na mpaka vilikuwa mambo ya Mungu siku zote za juma.

Mmisionari mmoja, Bruno Gutmann, aliyefika mlimani mwaka 1902 na kuondoka kwa mara ya mwisho mwaka 1938, aliliona jambo hilo kuliko wenzake. Alisema ukoo, ujirani na rika si adui wa Injili, akaandika vitabu vikubwa juu ya sheria na desturi za Wachagga. Lakini alivipenda vitu vya zamani mno hata akawa na wasiwasi na kahawa, fedha na elimu ya kizungu, vitu ambavyo vijana wa Kichagga walivitaka kwa mikono miwili. Kwa maoni yangu aliona nusu ya kweli. Ni rahisi kuusifu umaskini wa mwenzio wakati wewe una meli ya kukurudisha kwenu.

Vijana wale hawakungoja ruhusa. Mwaka 1925 wakulima wa kahawa waliunda chama chao, Joseph Merinyo akiwa mmoja wa viongozi wake, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha ushirika, KNCU, chenye makao mjini Moshi. Hapo ndipo Mkatoliki wa Kibosho na Mlutheri wa Machame walipoanza kukaa meza moja kwa shughuli iliyowahusu wote. Ushirika ulivunjwa mwaka 1976 ukarudishwa mwaka 1984, na una matatizo yake ambayo tumekwisha kuyaandika mara nyingi. Lakini kwa jambo hili moja tuushukuru: karani wa mizani hakumwuliza mtu amebatizwa wapi.

Mahali palipoulizwa ni shuleni. Na hapa, ndugu wasomaji, tukae kidogo.

Katika siku za ukoloni elimu ya mlimani ilikuwa karibu yote mikononi mwa misheni. Serikali ilitoa ruzuku, misheni ikatoa walimu, na wazazi wakatoa mawe, mchanga na mabega ya kuvibebea. Matunda yake yalikuwa makubwa; Kilimanjaro ikatangulia mbele ya wilaya nyingi za Tanganyika kwa watu waliosoma. Mwandishi wa makala haya naye ni mtoto wa shule za misheni, na hawezi kuikana sahani aliyolia. Lakini shule ile ilikuwa na mlango mwembamba. Mtoto wa Kiislamu, au mtoto wa mzee ambaye bado alimwomba Ruwa, aliweza kuingia, ila aghalabu ilimpasa kuikariri katekisimu, na mara nyingi alitoka na jina jipya. Wazazi wengine waliona bei hiyo ni kubwa, wakawabakisha watoto nyumbani. Taifa lilipopata uhuru mwaka 1961, Mkristo alikuwa ametangulia ofisini na Mwislamu akawa nyuma. Sababu haikuwa akili, ni mlango.

Mwalimu Nyerere alikuwa Mkatoliki wa kuhudhuria misa, naye alishikilia kuwa Serikali haina dini ingawa watu wake wanazo. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 ilipitishwa sheria ya elimu ya mwaka 1969, na shule za misheni zilizokuwa zikipata ruzuku zikatwaliwa na Serikali. Umbwe kule Kibosho ikawa ya Serikali. Ashira ya Marangu vile vile. Assumpta, shule ya wasichana ya Wakatoliki, ikaitwa Weruweru, na Mama Maria Kamm akaiongoza kwa miaka mingi hata jina lake likawa kama jina la shule. Wasichana walikuja kutoka kila pembe ya nchi. Asha-Rose Migiro, mzaliwa wa Songea aliyekuja kuwa Naibu Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa mwaka 2007, alipita katika shule hiyo.

Askofu Stefano Moshi alikuwa mkuu wa Kanisa la Kilutheri nchini wakati ule, na Askofu Joseph Sipendi alikuwa wa Wakatoliki wa Moshi. Makanisa yalikubali, ingawa si bila ya manung’uniko. Oktoba 1970 Nyerere alikwenda New York akasema na Masista wa Maryknoll kuwa Kanisa lisiloshiriki katika kupigana na hali zinazowadhalilisha maskini halitakuwa na maana tena kwa watu. Hayo aliyasema mwaka uleule shule zilipokuwa zikibadilishwa vibao, na wasikilizaji wake waliweza kuyachukua kama karipio au kama mwaliko.

Lakini tuseme kweli. Mlango ulipopanuliwa kwa wengine, mlimani kulionekana kama umefungwa. Nafasi za sekondari ziligawanywa kwa wilaya ili walioachwa nyuma wapate, na mtoto wa Kilimanjaro akawa analazimika kupata alama za juu kuliko mwenzake wa mbali ili achaguliwe. Ilikuwa haki kwa taifa, na ilikuwa uchungu kwa mama wa Uru aliyeuza ndizi ili mwanawe asome. Wachagga hawakuandamana. Walifanya lile walilolizoea tangu mifereji: wakachanga. Sekondari za wazazi, za ushirika na za makanisa zikachipua mlimani katika miaka ya 1970 na 1980 kuliko mahali pengine popote nchini. Wengine waliuita huo ubinafsi. Mimi naona ni mapenzi ya mzazi, ila ni mapenzi ambayo huishia mpakani mwa kihamba.

Katika tiba, Serikali na makanisa walipatana mapema zaidi. Hospitali kubwa ya KCMC ilifunguliwa mwaka 1971 chini ya mlima, na shirika lililoianzisha linaitwa la Msamaria Mwema. Jina hilo tumelizoea mno hata hatulisikii tena. Katika mfano ule, kuhani alipita na Mlawi akapita. Aliyesimama kumfunga jeraha mtu aliyeanguka ni Msamaria, mtu wa dini iliyodharauliwa. Yaani hospitali ya Kikristo imechukua jina la mtu asiyekuwa wa dini ya yule aliyemsaidia. Katika wodi zake wamelazwa wenye rozari na wenye tasbihi, na Mmasai aliyekuja kutoka nyikani hajui lolote kati ya hivyo viwili.

Februari 1992 Serikali ilitia saini mapatano na makanisa juu ya huduma za elimu na afya. Waislamu wengi walilalamika kuwa fedha za wote zinapitia mkono wa upande mmoja. Malalamiko hayo hayakuwa fitina, kama baadhi ya watu walivyosema kwa haraka. Yalikuwa na historia, nayo ni ile tuliyoieleza ya mlango mwembamba. Hayajibiwi kwa kukasirika. Yanajibiwa kwa kuonyesha nani amelala kitandani na nani amekaa darasani.

Kuna jambo jingine la siku za karibu ambalo haifai kulinyamazia. Tarehe 1 Februari 2020, katika uwanja wa Majengo mjini Moshi, watu 20 walikufa kwa kukanyagana walipokuwa wakikimbilia kukanyaga mafuta yaliyoitwa ya upako. Waliosoma waliwacheka. Sikuona la kucheka. Miaka tisa kabla yake, mwaka 2011, magari yalipanga foleni kwenda Samunge kule Loliondo kwa kikombe cha shilingi 500, na katika magari hayo walikuwamo wakubwa wenye madereva. Mtu hukimbilia mafuta akiwa na ugonjwa usiosikia dawa, au kijana asiye na kazi, au deni. Yeye anatafuta mlango wowote ulio wazi. Na mlango wa Majengo ulikuwa wazi, na bei yake ilikuwa ndogo, mpaka saa ile ya msongamano. Wenye hospitali na wenye shule wajiulize mtu yule alikwisha kupita kwao mara ngapi kabla ya kufika uwanjani.

Maana leo shule nyingi zinazosifiwa kwa kufaulisha ni za dini tena. Ada ya shule za Serikali ilifutwa tangu Januari 2016 hadi kidato cha nne, nalo ni jambo jema. Lakini madarasa yamejaa, na mwenye uwezo humpeleka mwanawe kwa masista au kwa wachungaji, ambako ada huhesabiwa kwa mamilioni ya shilingi kwa mwaka. Katekisimu haizuii mtu siku hizi. Mtoto wa Kiislamu ambaye baba yake ana fedha hupokelewa kwa heshima zote, na mtoto wa mwinjilisti hubaki nje. Mlango umebadilishwa kitasa.

Wapo viongozi wa dini wanaokumbuka kazi ya zamani. Askofu Fredrick Shoo, aliyeongoza Dayosisi ya Kaskazini ya Walutheri tangu mwaka 2014, alijulikana kwa jina la askofu wa miti kwa sababu aliwahimiza Wakristo wake, hata vijana wa kipaimara, wapande miti juu ya mlima unaokauka. Wazee wa mifereji wangemwelewa mara moja. Naye aliyepanda mti juu ya mto hawezi kumchagulia dini mtu atakayeteka maji huko chini.

Desemba ikifika, Wachagga watapanda mlimani kutoka Dar es Salaam na Arusha na hata ng’ambo. Mbuzi atachinjwa, na kila mtu wa ukoo atapata fungu lake kwa cheo chake, awe Mlutheri, Mkatoliki, au yule mjomba aliyeslimu alipokuwa akifanya kazi Tanga. Jumapili yake kanisani utatangazwa mchango wa kujenga bweni jipya la shule, nasi sote tutatoa, maana hatupendi kuonekana wachoyo mbele ya jirani. Kabla ya kuandika jina lako katika daftari la mchango, ndugu yangu, msimamishe kwa adabu mzee wa Kanisa umwulize: katika vitanda vya bweni hilo, vingapi vimewekwa kwa watoto ambao hawana ada? Naye akijibu, liandike jibu lake katika daftari lile lile.