Mtoto Mwenye Mdomo Uliopasuka: Usimfiche



Tunapotembelea nyumba kwa nyumba, mara nyingine tunakuta mtoto amefunikwa kitenge usoni mchana wa jua kali. Mama anasema amelala. Tukikaa kidogo tunaona kwamba alizaliwa na mdomo wa juu uliopasuka, na mama anaona haya. Wengine humfungia ndani hata siku ya kuhesabiwa watu. Mtoto asiyeonekana siku hiyo anaweza kukosa jina kwenye kadi ya chakula, na muuguzi hatamjua.

Mpasuko huu hutokea tumboni, katika miezi 2 au 3 ya kwanza ya mimba, pale pande za mdomo au za kaakaa zinaposhindwa kuungana. Haukuletwa na uchawi, wala kupatwa kwa jua, wala mama kutoka nje ya ndoa. Tunalisema hili wazi kwa sababu wapo akina baba waliowaacha wake zao kwa maneno ya majirani.

Mtoto akishindwa kunyonya, mama akamue maziwa, amlishe kwa kikombe safi au kijiko, akimshika wima. Daktari hushona mdomo kuanzia miezi 3 hivi, uzito ukitosha. Kaakaa hushonwa baadaye, kwa kawaida kabla ya miezi 18. Kwa hiyo asikose siku ya kupimwa uzito.

Lakini mshono hauondoi kila kitu. Kovu linabaki, na wengine huendelea kusema kwa sauti ya puani. Mwenye kaakaa lililopasuka huugua masikio mara kwa mara, akasikia kwa shida. Akiitwa darasani asijibu, huonekana mkaidi au mjinga, kumbe hakusikia. Mwalimu, mkalishe mbele, na umwache amalize maneno yake mwenyewe.

Halafu kuna majina. Wengi husema "mdomo wa sungura", na watoto bombani hufupisha: "Sungura!" Mimi silipendi hilo jina hata likisemwa bila ubaya. Mtoto ana jina alilopewa na wazazi wake. Anayeitwa hivyo kila siku huanza kuziba mdomo kwa mkono, kula peke yake, kukataa kutumwa maji, kusema tumbo linauma kila asubuhi ya shule. Usimpige kwa hayo. Jioni, mkiwa wawili, muulize nani alimwambia nini. Kisha mfundishe jibu fupi: "Nilizaliwa hivi. Hauambukizi. Twende tucheze." Mfanye mazoezi nyumbani, kaka na dada zake wakijifanya watoto wa bombani, mpaka aweze kulisema bila kulia. Mama akienda kugombana na watoto wa watu, kesho yake wanamkimbia mwanawe.

Nawe jirani, mtoto wako akiuliza kwa sauti, "Mbona mdomo wake uko hivi?", usimvute mkono kama aliyeona kitu kibaya. Mjibu palepale, mwenzake akisikia, kisha waache wacheze.

Mwenye mtoto wa namna hii, hata akiwa na miaka 10, aje kwetu siku ya kupima watoto au amwambie kiongozi wa kijiji chake. Hata mtu mzima anaweza kushonwa. Kama jina la mtoto halimo kwenye kadi, lete na habari hiyo. Hatutakukaripia.