Miezi ya Kungoja Si Miezi ya Kulala



Mtihani wa Kidato cha Nne hufanywa Novemba. Matokeo kwa kawaida hutoka Januari. Kidato cha Tano huanza Julai. Hesabu kwa vidole: ni zaidi ya miezi saba! Je, kijana wetu wa hapa Tingi afanye nini muda wote huo? Akae kijiweni?

Hasha. Yapo mambo matatu ya kufanya.

1. SHAMBA. Ufuta hupandwa mwanzoni mwa mwaka, nao huanza kuvunwa Mei. Mkatie kijana kipande chake mwenyewe. Alime, apalilie, avune, apeleke chama cha msingi ukauzwe mnadani. Asome mwenyewe kilo na makato kwenye karatasi. Pesa hiyo itanunua godoro, sanduku na sare.

2. UFUNDI. Hapa wilayani tuna Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, Kilwa Masoko. Lindi ipo VETA. Nendeni pamoja mkaulize: kozi fupi zipo? Ada ni kiasi gani? Kama pesa hakuna, mpeleke kwa fundi cherehani au seremala unayemjua.

3. SAFARI. Wazee walisema, tembea uone. Ibn Battuta alitoka kwao Moroko mwaka 1325, akiwa na miaka 21. Mwaka 1331 alifika Kilwa. Habari zake zinasomwa hadi leo. Kijana wetu naye aanze karibu. Avuke kwenda Kilwa Kisiwani, auone Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa. Wageni wanatoka Ulaya kuja kuyatazama magofu yale. Mtoto wa Tingi asiyajue?

TAHADHARI

Wapo watu wanaokuja na maneno matamu: "Nipe binti huyu, nimtafutie kazi Dar es Salaam." Usikubali haraka. Muulize:

- Ni kazi gani, na kwa nani?
- Mshahara ni kiasi gani, na atalipwa yeye mwenyewe?
- Nauli ya kurudi Julai atatoa nani?

Akibabaika, usimpe mtoto. Toa habari kwa mtendaji wa kijiji. Tangu 2008 nchi yetu ina sheria inayokataza biashara ya kusafirisha watu. Binti akipotelea mjini, nafasi yake ya Kidato cha Tano inapotea pia.

Basi kaa na mwanao jioni moja. Msikilize, kisha pangeni pamoja. Miezi saba ni mingi.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Vijana wetu waliomaliza Novemba wanafanya nini sasa?
2. Fundi gani hapa kijijini anaweza kuwapokea?