Jembe la theluji lageuzwa la matope Bujumbura

Na Mwandishi Wetu, Bujumbura

MVUA ikinyesha usiku, mtu wa Kinama halali. Hukaa kitandani akisikiliza, na si bati analolisikiliza bali korongo. Likianza kunguruma mawe, anaamsha watoto.

Tabia hiyo haikuja bure. Usiku wa kuamkia Februari 10, 2014, korongo la Gatunguru lilishuka na milima juu ya mitaa ya kaskazini ya jiji hili, likapita Kamenge, Kinama na Buterere. Watu zaidi ya 60 walipoteza maisha. Nyumba za matofali mabichi ziliyeyuka kama sukari, na asubuhi kilichobaki kilikuwa matope hadi madirishani.

Maji huondoka. Baada ya siku moja au mbili yanakuwa yamekwisha kuingia ziwani. Matope ndiyo yanayobaki, na makala haya ni juu ya hayo matope na kifaa tulichokitengeneza kuyasukuma.

Kwa wale wasioijua Bujumbura vizuri, hasa ndugu zetu waliozaliwa Ulyankulu, Katumba au Mtabila wakarudi wakiwa watu wazima, nieleze kidogo. Jiji limekaa ukingoni mwa Tanganyika. Nyuma yake milima ya Mirwa inapanda ghafla hadi kwenye mgongo wa Kongo-Nili, ambao unazidi mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Milima hiyo imelimwa mpaka kileleni na miti ni michache. Mvua ikipiga, udongo wote unashuka kwa Ntahangwa, Muha, Kanyosha na makorongo mengine mengi. Ukifika kwenye tambarare mwendo wake unapungua, na hapo unatua. Na penye viwanja vya bei nafuu ndipo unapotua, kwa hiyo aliyerudi juzi na akiba ndogo ndiye anayeupokea mlangoni kwake.

Ng'ambo ya mpaka hali ni ile ile. Wafanyabiashara wa Uvira wanakumbuka Aprili 2020, mto Mulongwe ulipoacha njia yake ukaingia mjini. Mwezi huo huo Rusizi ilifurika Gatumba, na maelfu ya watu wakahamia kwenye mahema.

Katika msimu wa mvua wa 2023/2024, ziwa lilipopanda hadi kukaribia kilele chake cha mwaka 1964, sisi watu watano tulikuwa na trekta dogo. Watatu tulikuwa tumerudi kutoka Tanzania kupitia Kobero, wawili wanauza ndagala na mawese kati ya Uvira na hapa. Tulilinunua likiwa limetumika, la Kijapani, lenye nguvu za farasi 18, likapitia bandari ya Dar es Salaam. Kazi yake ilikuwa kulima mpunga kwa wenye mashamba ya Imbo, na siku nyingine kuvuta tela la mizigo.

Wiki ya kwanza ya Aprili matope yaliziba avenyu yetu. Hayakuwa mengi kama ya 2014, yalifika magotini tu. Lakini mwisho wa avenyu ile kuna stoo ya wenzetu wawili, na ndani yake kulikuwa na magunia ya ndagala. Ndagala mkavu akipata unyevu ana siku chache tu kabla hajaota ukungu. Pikipiki haipiti, lori halipiti. Vijana kumi wenye makoleo walifanya kazi siku nzima wakasafisha mahali pa urefu wa nyumba tatu, na usiku mvua ikarudisha nusu yake.

Hapo nilikumbuka picha aliyonitumia mtoto wa kaka yangu anayeishi Québec, Kanada. Inaonyesha trekta dogo kama letu lenye bamba la chuma mbele, likisukuma theluji uani kwa tajiri wake. Nilimpigia simu. "Baba mdogo," aliniambia, "hapa kila mtu anajitengenezea lake. Lakini ninyi mna theluji gani?"

Nilikwenda Buyenzi. Anayetaka kitu cha chuma katika jiji hili haendi kwingine. Kiswahili na chuma ndizo kazi za mtaa ule tangu zamani. Fundi niliyempata ni mzee aliyeanza kuchomelea akiwa kijana. Aliiangalia picha kwenye simu yangu kwa muda mrefu, akaniuliza swali moja: "Theluji ina uzito gani, mwanangu?"

Sikujua. Jioni nikamuuliza kijana wa Kanada. Theluji iliyoanguka sasa hivi, kilo 100 hivi kwa mita moja ya ujazo. Matope yaliyoloa hayapungui kilo 1,700. Tukapiga hesabu chini kwa kijiti: bamba la upana wa mita 1.30, matope ya kina cha sentimita 20, ukisukuma mita tano tu umekusanya mita za ujazo 1.3. Kwa theluji hizo ni kilo 130, mizigo ya wanaume wawili. Kwa matope ni zaidi ya tani mbili, na trekta lenyewe halifiki tani moja. "Basi," alisema mzee, "tutachukua mwili wa kifaa cha wenzetu, lakini kula tutakula kwa vijiko."

Bamba lilitoka kwenye tangi bovu la lori. Tulipenda tangi kwa sababu lina mkunjo tayari, na mkunjo huo ndio unaofanya kinachosukumwa kijiviringishe badala ya kupanda juu na kumwagika nyuma. Unene ulikuwa milimita 5. Pipa la kawaida la mafuta halifai, ni jembamba mno, litakunjika kwenye jiwe la kwanza. Na hapa niwaonye wanaopenda kujaribu: tangi lililowahi kubeba mafuta halikatwi kwa moto hivi hivi, hata kama ni kavu miaka kumi. Mvuke unabaki ndani na unalipuka. Mzee aliliosha kwa maji ya moto na sabuni, kisha akalijaza maji mpaka karibu na mstari wa kukata, ndipo akawasha gesi. Vijana wake walisimama mbali bila kuambiwa.

Nyuma ya bamba aliweka mbavu nne za chuma cha pembe. Chini akafunga kwa bolti, si kwa kuchomelea, kipande cha springi ya lori kiwe makali. Chuma cha springi ni kigumu, hakiliki upesi, na kikiisha unafungua bolti unaweka kingine.

Kosa letu, na hasa langu, lilikuwa kwenye kuliunganisha na trekta. Mimi nilitaka lifungwe mbele tu, pale panapowekwa vyuma vya uzito mbele ya rejeta. Ni karibu, ni rahisi, chuma kinachotumika ni kidogo. Mzee alitikisa kichwa, lakini mwenye fedha ndiye anayeagiza. Tulitoka nalo asubuhi, tukasukuma mara nne vizuri sana, watoto wakipiga kelele "katapila, katapila!" Mara ya tano bamba liligonga jiwe lililojificha ndani ya matope. Bolti mbili zilikatika kwa mlio kama wa bunduki, watu wakalala chini. Katika jiji hili watu wana sababu ya kulala chini wakisikia mlio kama huo. Bamba lilisimama nusu shubiri kutoka kwenye rejeta.

Tuliporudi Buyenzi mzee hakunicheka. Alinionyesha kwa kidole: trekta dogo halina chesisi kama lori. Injini, kilachi na boksi la gia ndiyo mwili wenyewe, na mwili huo ni chuma cha kusubu, kile kinachopasuka kama chungu. Ekseli ya mbele imetengenezwa kubeba uzito wa injini tu, haikutengenezwa kupokea ngumi. Na chuma cha namna hiyo usikichomelee kitu. Moto wenyewe unakipasua.

Kwa hiyo alitengeneza upya. Safari hii mikono miwili mirefu ya chuma cha mfereji inatoka kwenye bamba, inapita chini ya tumbo la trekta, mpaka kwenye ndoano ya nyuma inayovuta tela. Pale ndipo trekta lilipoumbwa kuwa na nguvu. Bamba likigonga jiwe, pigo linakwenda nyuma kwenye magurudumu makubwa, mbele hapaguswi.

Kuinua je? Trekta kama hizi zina mikono ya haidroliki nyuma kwa ajili ya jembe, mbele hazina kitu. Mzee alifunga waya wa chuma kwenye mikono ya nyuma, akaupitisha kwenye kapi chini ya ekseli, ukaenda mbele hadi kwenye kapi nyingine juu ya nguzo fupi, ukashuka kwenye bamba. Ukiinua mikono ya nyuma, bamba la mbele linapanda. Ukiishusha, waya unalegea na bamba linakaa chini kwa uzito wake, likifuata mabonde ya barabara lenyewe. Nilimtumia kijana wa Kanada picha, akanijibu kwamba na huko wako wanaofanya hivyo hivyo. Mzee aliposikia hakushangaa. "Chuma kina lugha moja," alisema.

Jambo jingine alilolichukua kwenye picha ni springi. Bamba halikushikwa moja kwa moja. Limewekwa bawaba chini na springi mbili nzito nyuma yake juu. Likikutana na kitu kisichosogea, linainama mbele, linapita juu yake, kisha springi zinalirudisha. Za kwetu zilitoka kwenye gari dogo lililokufa.

Magurudumu yalipoanza kuteleza tulijaza maji kwenye matairi ya nyuma, robo tatu, tukiiweka valvu juu ili hewa ibaki kidogo. Kilo zaidi ya 100 ziliongezeka bila gharama. Kule Kanada lazima wachanganye dawa ili maji yasigande. Hilo angalau sisi Mungu ametusamehe.

Ikabaki shida ya mawe ya barabara. Avenyu nyingi za mitaa hii zimetandikwa mawe ya kuchonga, na makali ya springi yalikuwa yakiyang'oa. Tulipong'oa la sita, mama mmoja alisimama mbele ya trekta akiwa amelishika mkononi. "Mmekuja kutuondolea matope au barabara?" Alikuwa na haki. Tulifungua makali ya chuma, tukaweka kipande cha tairi la lori kilichotokeza kidogo chini ya bamba. Mpira unakwangua matope, jiwe unaliacha. Makali ya chuma sasa tunayatumia kwenye njia za udongo peke yake.

Kuhusu kulikunja bamba pembeni, kama wanavyofanya kwa theluji ili imwagike kando, huko tulikata tamaa. Ukilikunja digrii 30, upana wa mita 1.30 unasafisha kama mita 1.13 tu, na matope hayamwagiki kando, yanaganda pale pale kama ugali. Tunasukuma moja kwa moja, mita moja, tunainua, tunarudi nyuma, tunachukua nyingine. Ni polepole. Hata hivyo siku ya pili saa tisa mchana lori la wenzetu lilifika stoo. Magunia matatu yalikuwa yameharibika; mengine yalipona.

Lakini sijaeleza lililokuwa gumu kuliko yote, na halikuwa la chuma. Matope unayapeleka wapi? Siku ya kwanza tuliyasukuma mpaka mwisho wa avenyu, kwenye mtaro mkubwa. Jioni walikuja wazee wanne wa nyumba za chini, wametulia, wamevaa vizuri. Mmoja wao nilikuwa naye kambini Mtabila, tulichota maji bomba moja. "Kaka," aliniambia, "mvua ya kesho ikikuta mtaro huu umejaa, itapita kwangu. Ninyi mmesafisha kwenu mkatuletea sisi." Sikuwa na jibu. Usiku ule tulichimbua mtaro kwa makoleo, sisi watano na vijana, mpaka saa sita, kwa taa za pikipiki.

Kuanzia hapo tuliomba kiwanja kimoja kitupu kwa mwenyewe, tukawa tunayarundika huko. Baada ya siku chache yalikauka. Wachimba mchanga, ambao siku zote huchukua mchanga mitoni, walikuja kuchekecha wakachukua uliokuwa mnene. Udongo laini uliobaki wengine walifyatulia matofali. Mwenye kiwanja alipoona hivyo alianza kudai chake, na mazungumzo hayo bado yanaendelea.

Bei zake sitazitaja, maana faranga ya wakati ule si ya leo. Naweza kusema hivi: chuma chakavu na ufundi havikufika sehemu ya kumi ya bei ya trekta. Kilichotusumbua zaidi ni mazutu. Mwaka 2024 nchi ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta, na mara mbili trekta lilisimama katikati ya matope tukisubiri dumu la lita tano kutoka kwa mtu anayemjua mtu. Siku hizi anayetaka tumsafishie anakuja na mazutu yake mkononi, wajane tu hatuwadai.

Mpunga ukifika tunalifungua bamba, pini mbili na waya, robo saa. Linaegemea ukuta wa nyumba yangu, na kuku wanataga nyuma yake. Mzee wa Buyenzi ameshapata oda ya pili, kutoka kwa mfanyabiashara wa Uvira mwenye trekta la nguvu za farasi 24. Amemwambia alete kwanza springi, na kuhusu mahali pa kufunga mikono asimfundishe.